Siku saba za mawe: makumbusho kutoka Kariandusi hadi Tabaka

Anza Jumanne. Ratiba hii imepangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma: kituo cha mwisho ni Tabaka, kituo cha wachongaji wa mawe ya sabuni karibu na Kisii, magharibi mwa Kenya, na karakana nyingi za huko hufungwa Jumamosi kwa sababu ya Sabato, kwa hiyo siku ya saba inafaa iangukie Jumatatu. Ukianza Jumapili utafika Tabaka Jumamosi na kukuta mafundi wako kanisani.

Jambo la pili la kujua kabla ya kufunga begi ni kwamba makumbusho ya upande huu hayako ndani ya nyumba. Jengo huwa dogo, vyumba viwili vitatu, na kitu chenyewe kiko nje: shimo la uchimbuaji, jabali lenye matundu, boma la mawe. Ndiyo maana viatu na saa ya kutoka kitandani vina uzito kuliko tiketi. Beba kitambulisho, kwa kuwa mwananchi hulipa kiingilio cha chini na bila kitambulisho huna cha kuonyesha. Weka pesa kwenye M-Pesa, maana makumbusho ya serikali hulipiwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Chukua pia maji lita mbili, kofia, koti la mvua, tochi ndogo na taulo kuukuu. Kazi ya tochi na taulo itaonekana mbele.

Siku ya kwanza, Jumanne: Kariandusi

Kutoka Nakuru panda matatu ya Gilgil au Naivasha na umwambie makanga mapema kwamba unashukia Kariandusi, baada ya Elementaita na kabla ya Gilgil. Magari hupita hapo kwa kasi, na ukisubiri mpaka uone kibao utashushwa mbali. Kutoka barabara kuu ni mwendo mfupi kwa bodaboda, au kwa miguu kama jua bado ni la asubuhi.

Kundi la mwanaakiolojia Louis Leakey liligundua mahali hapa mwaka 1928. Zana zilizochimbuliwa ni za utamaduni wa Asheuli, yaani wa mashoka ya mkono ya enzi za mawe, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na 1,000,000. Nyingine ziliachwa zilipolala, chini ya paa la kuzikinga, na hilo ndilo linalofanya Kariandusi ipite kabati lolote la kioo: unaona shoka la mkono likiwa bado limeegemea udongo uliolifunika.

Usipite haraka. Mashoka ni ya mawe ya aina mbili. Moja ni obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. La pili ni lava ya kijivu, ngumu na isiyo na mng'ao. Obsidiani ni kioo cha asili, kwa hiyo ikigongwa huvunjika kwa vibamba vilivyobonyea kama ganda la chaza, na ukingo wake hukata kama wembe. Tatizo ni kwamba wembe huo humeguka upesi. Lava haitoi ukingo mkali kiasi hicho, lakini hustahimili kazi nzito. Aliyetengeneza zana hizi alijua tofauti hiyo, akachagua jiwe kulingana na kazi.

Inama mpaka jicho lako liwe karibu usawa na jiwe, kisha sogeza kichwa polepole. Mwanga ukipita kwa mshazari utaona makovu ya mapigo yakipandana, moja limekata nusu ya jingine. Kovu lililokatwa ndilo la kwanza. Lililokata lilikuja baadaye. Ukifuata mfululizo huo kuanzia katikati hadi ukingoni unasoma mpangilio wa mapigo ya fundi. Kwa zana zilizo ndani ya kabati, zima mwako wa kamera na ubandike lenzi kwenye kioo, la sivyo utapiga picha ya dirisha lililo nyuma yako.

Udongo mweupe unaouona jirani ni diatomaiti, mabaki ya maganda ya viumbe vidogo vya majini vilivyotanda chini ya ziwa la kale. Chota kidogo uone ulivyo mwepesi. Humo ndimo unapopata jibu la swali la kila mgeni: kwa nini watu waliishi hapa palipo pakavu? Hapakuwa pakavu. Palikuwa kando ya maji.

Usiokote jiwe lolote, hata kipande kilicholala njiani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza, na kipande kilichohamishwa hakimwambii mtafiti chochote tena, kwa kuwa nusu ya habari yake ilikuwa mahali kilipolala.

Rudi Nakuru ulale.

Siku ya pili, Jumatano: Hyrax Hill, kisha kasri la Egerton

Hyrax Hill ni kilomita 4 tu kutoka katikati ya Nakuru, kandokando ya barabara ya Nairobi. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Sababu ni bao.

Mlimani kuna jabali lililochongwa matundu ya bao kwa safu, na jua la saa sita huyafuta machoni: kivuli hakipo, kwa hiyo unaona jiwe tambarare lenye madoa. Asubuhi, jua likiwa chini, kila tundu hujaa kivuli upande mmoja na safu zote hujitokeza. Ukichelewa au mawingu yakitanda, washa tochi na uilaze ubavuni mwa jiwe, karibu kugusa, safu zitarudi. Usijaze chaki wala kumwaga maji ili picha itoke vizuri. Chaki huziba vinyweleo vya jiwe, na kila anayeisugua baadaye anasugua na jiwe lenyewe.

Kilima kimepewa jina la pimbi, na bado utawaona wakiota jua mawe yakianza kupata joto. Louis Leakey alikitambua mwaka 1926, Mary Leakey akakichimbua mwaka 1937 na 1938, kikatangazwa eneo la kumbukumbu la taifa mwaka 1943. Jengo la makumbusho lilikuwa nyumba ya shamba na likafunguliwa kwa wageni mwaka 1965. Anza humo ndani kwa nusu saa, utazame vyombo vya mawe na ramani ya maeneo, halafu utoke na mwongozaji. Ukitangulia nje bila ramani hiyo kichwani utaona majani na vishimo tu.

Vishimo vyenyewe ndivyo mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa nyumba za kuchimbwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa ni mazizi ya ng'ombe, na nyumba ilikuwa imeshikana na zizi ubavuni. Simama ukingoni uangalie upande ulio chini: huko ndiko lango lilikokuwa, na samadi ilikokuwa ikizolewa na kutupwa mpaka ikajenga tuta. Mtu aliyelelewa Rift Valley au Trans Nzoia ataanza kukumbuka vishimo kama hivi alivyoviona shambani kwao bila kujua ni nini.

Makaburi ya enzi za mawe yana jambo moja lisilo la kawaida: wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, sahani, bakuli na michi, lakini wanaume hawakuwekewa. Muulize mwongozaji akuonyeshe kaburi lililoachwa wazi. Kisha panda kileleni. Kuna mabaki ya boma la mawe, na Ziwa Nakuru linaonekana kusini. Katika enzi ya mvua nyingi maji yake yalifika hadi mguuni mwa kilima hiki. Baada ya kuona ufuo wa kale kwa macho, maonyesho ya ndani hueleweka mara mbili. Saa mbili na nusu zinatosha kwa yote.

Mchana, matatu ya Njoro hadi Ngata, halafu bodaboda hadi kasri la Lord Maurice Egerton, mlowezi Mwingereza, kama kilomita 14 kutoka mjini. Lina vyumba 52, lilianza kujengwa mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954 kwa sababu vita vya dunia viliikatisha kazi. Egerton alikufa mwaka 1958. Jengo lenyewe ndilo maonyesho. Saa moja inatosha, na anayependa useremala atazame ngazi na mbao za kutani kuliko kusikiliza hadithi ya mapenzi inayosimuliwa kila mara.

Siku ya tatu, Alhamisi: barabarani

Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero. Hesabu saa nne, tano kama malori yamefuatana. Mau kuna baridi na Ahero kuna joto, kwa hiyo sweta liwe mkononi badala ya kwenye buti. Fika, oga, ulale mapema.

Siku ya nne, Ijumaa: Makumbusho ya Kisumu

Iko kwenye barabara inayotoka mjini kwenda Kericho. Tuktuk yoyote inaijua. Ilifunguliwa mwaka 1980. Watu wengi huingia, huwaona nyoka na mamba, hupiga picha na kuondoka kwa dakika 40. Wamekosa kitu cha maana kuliko vyote, lile boma la Kijaluo la ukubwa halisi liitwalo Ber gi Dala. Tenga saa tatu, na uanze na boma asubuhi kwa sababu Kisumu hupiga radi na mvua alasiri.

Ingia langoni kama mgeni wa nyumba hiyo, usikatize kupitia ubavuni. Ukisimama langoni na kutazama mbele moja kwa moja, nyumba inayokuangalia ni ya mikayi, mke wa kwanza. Nyumba ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, wa tatu, zimekaa pande mbili tofauti. Karibu na lango ni simba, nyumba ya mwana wa kiume. Maghala ya nafaka, dero, yako karibu na nyumba za wake, kwa kuwa kila mke ana ghala lake. Hakuna kilichowekwa kwa kubahatisha. Ukiuelewa mpangilio huo, unaweza kuingia boma lolote geni la zamani na kujua nani anaishi wapi bila kuuliza.

Mwongozaji akieleza jinsi boma linavyoanzishwa, msikilize mpaka mwisho: baba hutoka alfajiri na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakibeba jogoo, shoka na moto. Muulize kila kimoja ni cha nini. Wengine hulitaja jambo hili kwa sentensi moja kwa kuwa wageni wana haraka; ukionyesha una nafasi, ataketi akueleze. Kama ni mtu mzima mwite jaduong', na mama kama ni mwanamke. Heshima hiyo ndogo hufungua mazungumzo.

Baada ya boma ingia kwenye samaki. Mtafute kamongo na usimame mbele yake dakika kadhaa. Ana mapafu, na asipopanda juu kuvuta hewa atakufa hata akiwa ndani ya maji. Atalala chini kama gogo, kisha pua itanyanyuka taratibu, mdomo utafunguka juu ya maji, na viputo vitatoka akirudi chini. Ukimwona hivyo mara moja tu unaelewa jinsi anavyoweza kukaa ndani ya matope ziwa likikauka. Linganisha pia ngege wa asili na mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani katikati ya karne ya 20. Mbuta alikula fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, na aina nyingi hazikuonekana tena. Hiyo ndiyo historia ya meza za chakula za Kisumu yote.

Ukumbi wa vifaa vya jadi umalizie, mvua ikiwa juu ya paa. Tazama migono ya kuvulia: koo la mgono limesukwa kwa ncha zinazoelekea ndani, kwa hiyo samaki huingia kwa kusukuma na hawezi kurudi.

Siku ya tano, Jumamosi: Kit Mikayi, kisha Homa Bay

Sasa utaona kwa nini boma lilitangulia. Kit Mikayi maana yake ni jiwe la mke wa kwanza, na mtu asiyejua nafasi ya mikayi nyumbani huliona jina hilo kama hadithi ya kuchekesha. Masimulizi ya watu wa Seme yanasema mzee mmoja alilipenda jiwe hili akawa anashinda hapo kutwa nzima, na mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi alijibu: amekwenda kwa mikayi.

Ni kilomita 29 kutoka Kisumu, barabara ya Bondo, na kutoka lami ni kama kilomita 1. Majabali yamepandana juu kama yaliyopangwa kwa mkono, lakini hayakupangwa. Ni mwamba mmoja uliopasuka kwa mistari ya wima na ya mlalo. Maji yakapenya nyufani, yakaozesha pembe kwanza, pembe zikaviringika, udongo laini ukachukuliwa na mvua. Kilichobaki ni mioyo ya mwamba.

Wapo waumini wanaosali na kufunga mapangoni, hasa wa kanisa la Legio Maria. Usipige picha ya mtu anayesali. Sema kwa sauti ya chini, na mwongozaji akikwambia vua viatu, vua bila kubishana. Kupanda hufanywa kwa mikono na miguu. Soli ya mpira hushika, ya ngozi huteleza, na mvua ikiwa imenyesha usiku acha kabisa kupanda upande wa kivuli, maana kuvu haikauki mpaka mchana.

Rudi Kisumu kabla ya saa sita, upande gari la Homa Bay kupitia Ahero, Katito na Kendu Bay. Lala Homa Bay. Toa pesa taslimu hapo na ujaze maji, kwa sababu mbele maduka hupungua.

Siku ya sita, Jumapili: Thimlich Ohinga

Hii ndiyo siku inayobeba safari nzima, na ndiyo rahisi kuharibika. Boma liko kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kutoka Homa Bay unapitia Rodi Kopany na Ndhiwa, na sehemu ya mwisho ni murram ambayo mvua huigeuza tope. Njia salama ni kukodi gari au bodaboda moja kwa siku nzima, ikupeleke bomani kisha ikufikishe Migori, na kuelewana bei kabla ya kuondoka. Wanaokwenda kwa kuungaunga matatu hufika. Kinachowashinda ni kutoka, kwa kuwa alasiri magari huadimika na Jumapili zaidi. Ondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi.

Jina linaeleza mahali: thimlich ni msitu mnene wa kutisha, ohinga ni boma la mawe. UNESCO iliingiza boma hili katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zilijengwa yapata karne ya 16, urefu wake ni mita 1.5 hadi 4.5, unene mita 1 hadi 3, na hakuna tone la saruji wala udongo wa kushikanisha. Waliokaa humo hawakuwa kabila moja. Jamii zilipokezana, kila moja ikakarabati ilichokikuta.

Ingia boma kuu, Kochieng', kwa mlango wake. Ni mfupi na mwembamba kwa makusudi: anayeingia lazima ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ukiwa ndani geuka uutazame ukuta kwa karibu. Sura ya nje imepangwa kwa mawe yaliyochaguliwa kwa upande wake bapa, sura ya ndani vivyo hivyo, na katikati pamejazwa mawe madogo yanayoshikana na pande zote mbili. Tafuta jiwe moja na ufuate jinsi linavyokaa: halikai juu ya jiwe moja, linakaa juu ya kiungo cha mawili, kama fundi wa leo anavyopanga matofali. Penye mkunjo ukuta umetiwa mhimili wa mawe ubavuni ili usisukumwe nje na uzito wake.

Kwa hiyo usipande juu ya ukuta, hata kwa picha. Jiwe lisilo na saruji linashikwa na uzito wa jirani zake. Ukilitikisa moja, matatu ya chini yake yamelegea, nawe hutaona kitu. Litaanguka msimu wa mvua ujao. Adui wa pili ni mizizi: mti ukiota ndani ya ukuta huzipanua nyufa polepole, na utaona mahali ambapo tumbo la ukuta limetoka nje. Huko usisimame chini.

Tembea pia mpaka maboma madogo, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wengi huishia Kochieng', na hapo ndipo hukosa kuona ukuta ambao mkono wa ukarabati haukuugusa sana. Saa tatu kwa yote. Kula ulichobeba, kisha ushuke Migori ulale.

Siku ya saba, Jumatatu: Tabaka

Migori hadi Kisii kupitia Rongo, halafu gari la Tabaka. Hapa hakuna kabati wala kibao. Maonyesho yako barazani, na wachongaji wako kazini. Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ni wa hapa.

Omba kuanzia machimboni ili uone rangi kabla hazijapakwa kitu: nyeupe, waridi, kijivu, na nyingine zenye mishipa. Jiwe hukatwa kwa msumeno likiwa bado na unyevu wa ardhini, kwa kuwa likikauka huwa gumu zaidi. Umbo hutolewa kwa panga, la ndani hutolewa kwa patasi, sura za mwisho kwa kisu. Kisha linatiwa kwenye beseni la maji na kusuguliwa kwa msasa, mkwaruzo mkubwa kwanza, mwembamba mwishoni. Maji yana kazi mbili: yanazuia vumbi lisiingie kifuani na yanafichua mikwaruzo iliyobaki. Likikauka linapakwa nta likiwa na joto la jua, na hapo ndipo rangi yake ya kweli hutoka. La rangi za dukani hupakwa kwanza, halafu michoro huchongwa kwa ncha ya chuma ili weupe wa jiwe utokee.

Kabla ya kununua, fanya mambo mawili. Ligonge kwa ukucha: jiwe zima hulia, lenye ufa hunyamaza. Kisha lipake maji kwa kidole. Mahali palipozibwa kwa gundi na unga wa jiwe hubaki na rangi tofauti maji yakienea. Kuzibwa si kosa, mradi uambiwe na bei ishuke. Mimi ningechagua lisilopakwa rangi, kwa sababu mishipa ya jiwe haiwezi kurudiwa na mkono mwingine.

Sehemu nyembamba ndizo huvunjika: shingo ya twiga, mkono ulionyooka, sikio. Jaza nafasi iliyo chini ya shingo kwa nguo kabla ya kuviringisha kitu chote kwa lile taulo kuukuu, ili kusiwe na pengo la kuinamia. Usilikubali begi hilo liende juu ya gari wala kwenye buti chini ya magunia ya ndizi. Mwambie makanga ni jiwe, kisha uliweke katikati ya miguu yako mpaka nyumbani.